Rada ya mezani: Rungwe sasa unaziba

Hatimaye kivuli cha Mlima Rungwe, yaani eneo la nyuma yake ambako rada haioni, kimekaa sawa! Kwa waliopitwa: nimeweka rada ya mvua ya kufikirika Mbeya mjini, kimo cha mita 1,700, mwali wenye upana wa digrii 1, na wradlib (programu huria ya data za rada) inapiga hesabu mlima upi unaziba wapi.

Kilichonitoa jasho ni ufa. Ukielekezwa digrii 0.5 juu ya upeo, mwali unafika Rungwe, kama kilomita 35, ukiwa karibu mita 2,080 kutoka usawa wa bahari. Mlima una 2,960. Hapo hakuna mjadala, ni ukuta. Lakini ramani yangu ilionyesha mstari mwembamba wa kijani ukipenya tumboni mwa mlima mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kana kwamba mwali umepita. Nikagusa kila kitu: upana wa mwali, ile 4/3 ya nusu-kipenyo cha dunia (hesabu ya mwali kujipinda hewani), hata projekshini, yaani namna ramani inavyoilaza dunia iwe bapa. Ufa uko palepale, unanicheka.

Nikafungua namba zenyewe za vimo vya ardhi, seli moja moja. Elfu mbili mia tano, mia sita, halafu -32768. Ndiyo alama ya SRTM (data ya vimo iliyopimwa kutoka chombo cha anga) ya mahali pasipopimwa: rada ya mwaka 2000 ilitazama ardhi kwa ubavu kutoka angani, miteremko mikali ikabaki na matundu. Faili nililopakua halikuitaja alama hiyo popote, programu ikaichukua kama kimo halali, ikaichanganya na majirani zake, na Rungwe ukapata shimo ambalo Ziwa Nyasa lingemezwa likapotea. Nimeziba matundu kwa data ya vimo ya Copernicus ya Ulaya, seli za mita 30. Kwisha habari yake.

(QGIS, programu ya ramani, ni nzuri kwa kutazama tu, kwenye laptopu yangu inakula RAM yote. Py-ART naipenda kwa kusoma mafaili ya rada. Kwa milima, wradlib, sibishani na mtu.)

Sasa linaloudhi. Pandisha mwali hadi digrii 1.5: Rungwe bado unakata sehemu kubwa, na kinachopona kinapita Matema kilomita 4 juu ya maji. Huko unakaribia tabaka ambamo theluji inayeyuka, na mwangwi wake hung'aa kupita mvua halisi. Rada ya polarisheni mbili (inayotuma mawimbi ya mlalo na ya wima) italitambua tabaka hilo, sawa, ila mvua iliyo chini yake haitaiona.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya data za NEXRAD, rada za hali ya hewa za Marekani. Nimezipiga chini kwanza, maana kuna minara ya simu! Mawimbi ya maikrowevu kati ya mnara na mnara hudhoofika mvua ikinyesha, na upungufu huo hugeuzwa kuwa milimita kwa saa. Nayo yanapita chini, humohumo mvuani. Mwenye rekodi za nguvu ya mawimbi upande wa Tukuyu na Kyela, hata za wiki moja ya masika, tuwasiliane.