Mteja mmoja, akaunti mbili

Mauzo ya ile biashara yalikuwa kwenye faili la Excel, tena Excel ya zamani, ile ambayo ukurasa wake unaishia mstari wa 65,536. Toleo la 2007 lilishavuka kikomo hicho hadi milioni moja na ushei, lakini kompyuta za pale zilikuwa hazijafikiwa. Siku karani alipobandika mauzo ya mwezi na ukurasa ukagoma kuyapokea yote, nikaitwa. Mwenye biashara alitaka nimfungulie ukurasa wa pili, basi. Ilinichukua muda kumshawishi kwamba anachohitaji ni hifadhidata, yaani mfumo unaotunza data katika majedwali yanayohusiana.

Nilichagua Access, programu ya Microsoft ya kutengenezea hifadhidata, kwa kuwa ilikuwemo tayari kwenye mashine zao. Kuunda majedwali hakukunitoa jasho: wateja, bidhaa, ankara, mistari ya ankara. Faili nikaligawa mara mbili kama ilivyo kawaida, majedwali yakakaa kwenye kompyuta moja, fomu na ripoti zikawekwa kwenye mashine ya kila mtumiaji. Kilichotukalisha kitini kutwa nzima, mimi na mhasibu, mama mtu mzima aliyeijua biashara ile kuliko mwenye nayo, ni swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: wateja wetu ni wangapi?

Kwenye Excel jina la mteja liliandikwa upya kila anaponunua, na kila karani na mwandiko wake. Huyu kaweka nukta, yule kaanza na jina la ukoo, mwingine kaandika herufi kubwa tupu. Yalikuwapo majina mawili ambayo kwa macho hayakuwa na tofauti yoyote. Nikapitisha kishale herufi baada ya herufi mpaka nikakuta katikati ya moja kuna nafasi mbili badala ya moja. Kwa kompyuta, hao ni watu wawili. Namba za simu nazo, ambazo ningezitegemea, zilikuwa zimeingizwa kama tarakimu za hesabu, sifuri za mbele zote zimeliwa.

Sifuri nilizirudisha. Kisha nikaandaa amri ya kuunganisha wateja wote wenye simu moja, nikamwonyesha mama orodha kabla ya kuiendesha. Akaweka kidole kwenye kioo.

“Hawa waache, mwanangu.”

“Mama, si mtu mmoja?”

“Ni mmoja. Ila hii ni akaunti yake ya taslimu, hii ya mkopo. Ukizichanganya, pesa ya taslimu itaonekana imelipa deni.”

Mistari michache chini akanionyesha kinyume chake: majina mawili yasiyofanana hata kidogo, simu tofauti, na kumbe ni mteja yuleyule aliyebadilisha jina la biashara na kuhama na deni lake. Hilo halikuandikwa popote. Edgar Codd wa IBM alitueleza tangu 1970 jinsi ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, na nadharia yake bado ndiyo inayotuweka mjini. Lakini nani ni nani, hilo unamuuliza mtu aliyekuwa akipokea malipo.

Basi nikaongeza jedwali la akaunti kati ya mteja na ankara. Mteja mmoja, akaunti kadhaa, kila kimoja na namba yake isiyojirudia. Jina likabaki maelezo tu, libadilike litakavyo. Tukashuka na orodha jina kwa jina, yeye akiamua, mimi nikibofya. Pale aliposita, hatukuunganisha. Wateja wawili kuunganishwa baadaye ni kazi ndogo. Kuwatenganisha wakati ankara zao zimeshachanganyika ni balaa.

Njiani akauliza bei ikipanda ankara za nyuma zitakuwaje. Swali la maana kuliko yote niliyoulizwa na mwenye biashara. Nikamwonyesha kwamba bei ya siku ya mauzo inanakiliwa kwenye mstari wa ankara na haisomwi tena kutoka jedwali la bidhaa. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea.

Mwishoni tukafika kwenye kitufe cha kufuta. Nilikuwa nimeweka cha “Batilisha” badala yake, kinachoiacha ankara mahali pake pamoja na tarehe na jina la aliyeibatilisha. Mwenye biashara, aliyepita kuchungulia, akataka awekewe cha kufuta kabisa, kwa ajili yake peke yake.

“Huyo,” mama akaniambia alipotoka, “ndiye wa kwanza kunyimwa.”