Tranka la Vitabu Lililorudi kutoka Ng'ambo

Asubuhi ya leo, saa mbili kasorobo, nilikuwa bado napangusa vumbi ambalo upepo wa Dodoma wa kipupwe hiki hulipenyeza hata kwenye madirisha yaliyofungwa, wakati koplo mmoja na mwenzake walipoingia maktabani wamelishika tranka la bati huku na huku, wakalitua mbele ya meza yangu. “Shikamoo, mama. Amana yako hii hapa,” alisema koplo. Nilimwitikia, nikamkaribisha kiti. Sikuhitaji kuuliza tranka limetoka wapi, kwa kuwa namba ya rangi nyeupe iliyo ubavuni niliiandika kwa mkono wangu mwaka jana, siku nilipolijaza vitabu 64 na kulikabidhi kwa vijana waliokuwa wanakwenda kulinda amani mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mimi si askari. Ni mkutubi wa kiraia, nilisomea kazi hii Bagamoyo, na kwa miaka 11 sasa natunza maktaba ya chumba kimoja ya kikosi. Tanzania ilipeleka wanajeshi katika brigedi ya Umoja wa Mataifa huko Kongo mwaka 2013, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na tangu nianze kazi nimewaona vijana wengi wakiaga na wengi wakirudi, lakini hili ndilo tranka la kwanza la vitabu kupita mikononi mwangu katika safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kwa hiyo siku yangu yote ya kazi imekwisha juu yake.

Nilianza kwa kuvitoa vitabu kimoja kimoja na kuvipanga mezani kwa kufuata rejista. Vile nilivyovichagua kwa fahari, vya uongozi, vya historia ya vita na vya sheria za kivita, vingi vyake vya namba 355, ambayo katika mpangilio wa Dewey wa kupanga vitabu maktabani ni ya mambo ya kijeshi, vilirudi safi, kurasa zimeshikana kama vilivyotoka dukani na kadi zake hazina jina hata moja. Kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji, ambacho nilikitia dakika ya mwisho kwa kuwa nafasi ilibaki pembeni, kilirudi hakina jalada, kona za kurasa zimekunjwa, na kwenye ukurasa wa chanjo mtu amepiga hesabu kwa penseli ya vifaranga 200, ya pumba, ya dagaa na ya mabati ya banda. Nilikaa na ukurasa ule kwa muda mrefu. Mtu yule alikuwa amevaa kombati katika msitu wa mvua, na banda lake lilikuwa tayari limesimama huku Dodoma, Nkuhungu au Kizota.

Migongo ya vitabu vingi ilikuwa imeachia. Gundi inayovumilia ukame wa hapa haikuvumilia unyevu wa kule, na karatasi zilikuwa zikidondoka mafungu mafungu. Wakutubi wa jeshi la Marekani walilijua tatizo hili zamani: kati ya mwaka 1943 na 1947, pamoja na wachapishaji, waliwatolea askari wao waliokuwa ng'ambo zaidi ya nakala milioni 120 za vitabu vidogo vya kutia mfukoni, vilivyochapwa kwa mitambo ya majarida na kubanwa kwa pini za waya, kwa sababu gundi peke yake isingestahimili joto, unyevu na wadudu wa nchi za tropiki. Mimi sina mitambo. Nina msumari mwembamba, sindano ya gunia na uzi wa kushonea viatu ninaoununua soko la Majengo, na hadi saa saba mchana nilikuwa nimeshona vitabu tisa.

Nikishona, koplo alinisimulia kazi yake ya kule, na ninaiandika hapa kwa sababu naiona ni kazi ya ukutubi kamili, ingawa hakuna aliyemfundisha. Alikuwa karani wa stoo. Asubuhi aligawa na kuhesabu vifaa, na mchana alijaza fomu. Saa kumi na moja jioni, waliotoka doria wakishaoga, alilivuta tranka kutoka chini ya meza, akalifungua na kuliacha wazi mpaka jenereta lilipozimwa saa nne usiku. Wenye zamu ya lindo usiku walikuja kuazima asubuhi. Mvua ilipokuwa kubwa alilipandisha tranka juu ya matofali na kulifunika turubai, kabla ya kufunika kitanda chake. Jioni nyingi, alisema, mmoja alisoma kwa sauti na sita au saba wakasikiliza. Hapo nilimkumbuka babu yangu wa Mvumi, aliyekwenda Burma na Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, katika vita ya pili ya dunia, ambaye alituambia kwamba gazeti la Kiswahili likifika kambini lilisomwa na mtu mmoja kwa niaba ya kombania nzima, na kwamba yeye alijifunza herufi kwa kuchungulia begani kwa msomaji.

Kisha koplo alinipa daftari la hesabu lenye miraba, alilokuwa akiandikia waazimaji. Nilimwagiza safu mbili, jina na kitabu. Yeye aliongeza ya tatu, akaiita “Kinachotakiwa,” na humo aliandika kila alichoombwa akakikosa: kilimo cha zabibu, sheria ya ardhi ya vijiji, Kifaransa cha kuanzia, ufundi wa umeme wa jua, dawa za mbuzi. Kurasa 14 zimejaa. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kusoma taarifa iliyonifundisha kazi yangu kama safu ile.

Jambo moja lilinigusa kuliko mengine. Kitabu kilichoazimwa mara nyingi kuliko vyote, mara 23, kilikuwa hadithi ya picha ya watoto wa darasa la pili, ambayo iliingia tranka kwa kosa langu, imejibana kati ya vitabu viwili vikubwa. Koplo alieleza kwamba baba mmoja aligundua kuwa mtandao ukiwa mzuri anaweza kumsomea binti yake hadithi kwa simu kabla hajalala, na wenzake walipomsikia kila mmoja akataka zamu yake. Alipokuwa akinieleza hayo mwenzake alitazama sakafu, nami sikumuuliza kitu.

Vitabu saba havikurudi. Viwili viliharibiwa na maji. Vitano koplo alimwachia mwalimu wa shule iliyo jirani na kambi, kwa kuwa watu wa kule nao huzungumza Kiswahili, na alikuwa na hofu kwamba nitamdai. Nilimwambia kwamba maktaba ya Wamarekani iliyopo Paris, ambayo inafanya kazi hadi leo, ilianzishwa mwaka 1920 kwa vitabu vilivyopelekwa kwa askari wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na vita ilipokwisha vikabaki. Kisha nikafungua rejista mbele yake, na katika nafasi ya maelezo, mahali ambapo fomu inataka niandike “vimepotea,” nikaandika kwa wino “vimetolewa kwa shule,” nikatia saini, naye akatia yake.

Kundi jingine linaondoka mwezi ujao. Jioni hii nimetoa vitabu vya namba 355 vyote isipokuwa viwili na kuvirudisha rafuni. Nimetia vijitabu vitatu vya zabibu, kimoja cha mbuzi na hadithi sita za watoto, na nimepiga kwa rula safu tatu katika daftari jipya. Sheria ya ardhi nimeahidiwa nakala kesho. Kitabu cha Kifaransa cha kuanzia, kilichoandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili, nimekitafuta katika maduka manne ya mjini bila kukipata, na keshokutwa nitampigia simu mwenzangu niliyesoma naye Bagamoyo, ambaye sasa yuko Dar es Salaam.