Nisaidie, lakini usinitajie

Mume wangu haruhusiwi tena kukaa karibu nami nikijaza fumbo la maneno. Si kwamba hajui. Anajua, tena sana, na tatizo liko hapo hapo. Anachungulia juu ya bega langu, anasoma kidokezo nilichokitafuna tangu asubuhi, na kabla sijamzuia ameshalitamka neno zima kwa sauti. Kisha huyo anaondoka zake, kifua mbele, kama mtu aliyetenda wema. Mimi nabaki na penseli mkononi na visanduku vilivyokwisha utamu.

Fumbo la maneno la gazetini nalijaza kila siku, na kuomba msaada sioni haya. Wapo wanaosema ukiuliza umeiba. Mimi huwauliza: umeomba nini hasa? Anayekupa herufi moja amekusaidia. Anayekupa neno lote amejaza fumbo yeye, mkono wako kauazima tu.

Hata fumbo la kwanza kabisa lilitoka na msaada wake ndani. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World, alilichapisha tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi, na pale juu akaacha neno moja limeshajazwa: FUN. Herufi tatu za bure kwa kila msomaji. Napenda uungwana ule. Miaka ya 1920 homa ya mafumbo ilipopanda Marekani, wakutubi wakaanza kulalamika kwamba wapenzi wa mafumbo wamezivamia kamusi na wasomaji wengine hawazipati. Baadaye New York Times, ambalo mafumbo yake huanza mepesi Jumatatu yakazidi ugumu hadi Jumamosi, lilikuwa na namba ya simu ya kulipia: unapiga, unachagua vidokezo vitatu, unapewa majibu yake. Vitatu, basi. Aliyeweka kikomo hicho alituelewa.

Lakini kabla ya kumpigia mtu simu, nauliza Kiswahili chenyewe, maana hakina siri nyingi. Kidokezo kikiwa "wafua vyuma", jibu ni la wingi, kwa hiyo WA naiandika mwanzoni hata kabla sijafikiri. Zikibaki herufi tano, WAHUNZI wanakuja wenyewe. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kina herufi tano tu za kugombania. Kitenzi kikiulizwa kwa "ku", unaandika KU mwanzo na A mwisho, ukiacha wakaidi kama kusafiri na kusamehe. Herufi tatu hizo, na hujatoa jasho.

Hapo ndipo mtunzi mjanja anapokungoja. Juzi kulikuwa na "kuondoa makapi kwenye nafaka", visanduku vinane. Nikaona KUPEPETA, nikataka kuandika kwa wino. Kisha nikaona KUPEMBUA. Yahesabu: yote mawili yana herufi nane, yote mawili yanaanza na KUPE, yote mawili yanaishia na A. Katika hali hiyo sichagui. Naandika KUPE, naandika A, naacha visanduku vitatu vya katikati wazi, naenda kutafuta neno la wima linalopita pale. Likileta T kwenye kisanduku cha saba, tumepepeta. Likileta U, tumepembua. Mtu asiyejua kungoja atafuta mpaka karatasi itoboke.

Msaada mwingine ni daftari langu la maneno mafupi. Watunzi wa mafumbo wana maneno yao wanayoyapenda, hasa yale ya herufi tatu au nne yanayopenya kwenye kona. NSO, yaani figo. ALA ya upanga. NTA, NGE, INDA, IMLA. Sijawahi kumsikia mtu akisema anaumwa nso, lakini kwenye fumbo nso haziishi. Ukishaliandika neno mara moja daftarini, siku likirudi hulipi tena. Vivyo hivyo watoto wa wanyama: mtoto wa simba ni shibli, wa sungura ni kitungule, wa mbwa ni kilebu. Mtunzi akiishiwa hoja anakimbilia huko, nawe mfuate huko huko.

Simu nayo nimeijaribu, nisiseme uongo. Wiki iliyopita nilikwama kwenye kona moja, namba 19 mlalo na namba 19 wima, maneno mawili yanayoanzia kisanduku kimoja. Mlalo: "moja ya nane", visanduku saba. Wima: "kundi la nyota", visanduku sita. Nilichokuwa nacho ni I ya mwisho upande wa mlalo, niliyoipata kutoka IMLA iliyokuwa ikishuka pale, na A ya mwisho upande wa wima, iliyoletwa na ASALI. Kona nzima ilikuwa nyeupe. Nikafungua ile programu ya kuongea na roboti, nikaandika kidokezo cha nyota na idadi ya visanduku. Ikanijibu KILIMIA, kwa kujiamini kabisa. Kilimia ni nyota kweli, na neno linaishia na A kweli. Ila lina herufi saba. Nikaiambia saba haziingii kwenye sita, ikaomba radhi kwa adabu nzuri, ikanipa KILIMIA tena.

Nikampigia mama mkwe. Huyu ni mkunga mstaafu, na gazeti lake analisoma kuanzia ukurasa wa mafumbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekwama wapi?" Hata habari za nyumbani hakuuliza.

"Moja ya nane. Visanduku saba, cha mwisho I."

Alinyamaza kidogo. "Moja ya tatu unaiitaje?"

"Thuluthi."

"Haya. Na kwa Waislamu, mume akifa akaacha mke na watoto, yule mjane anarithi fungu gani?"

Nilishalisikia fungu hilo likitajwa kwenye ugawaji wa mirathi, likanipitia sikio moja likatokea la pili. Sasa likarudi lenyewe, na ndugu yake thuluthi amelishika mkono. Nikafungua mdomo: "Thu..."

"Usiniambie mimi. Andika."

Nikaandika THUMUNI. Saba kamili, na I imekaa mahali pake.

"Na kundi la nyota, mama?"

"Si umeshapata T ya mwanzo? Wataka nini tena?" Akakata simu.

T mwanzo, A mwisho, nne katikati. Nilikuwa naosha vyombo THUREA ilipokuja, na sikungoja mikono ikauke. Ukurasa ule bado una alama ya kidole chenye povu. Nimeuliza marafiki kadhaa wanaojaza mafumbo, nao wanasema ni hivyo hivyo kwao: neno huja ukishaliacha, mikono ikiwa na shughuli nyingine. Sitaki kujua sababu, mradi lije.

Mama hakunitajia hata neno moja siku ile, lakini bila yeye nisingemaliza. Tofauti yake na mwanawe ndiyo hiyo. Yeye anajibu swali kwa swali, na kila swali lake ni kidokezo kilicho rahisi kidogo kuliko cha gazeti. Nadhani ni kazi ya ukunga iliyomfundisha, kwa sababu mkunga naye hazai kwa niaba ya mtu.

Tena na mwombaji naye ana wajibu wake. Mama hakupokei kama hujajiandaa. Usianze na "kuna neno moja hapa linahusu nyota". Anza na idadi ya visanduku, kisha herufi ulizo nazo na mahali zilipo, kisha msomee kidokezo neno kwa neno kama kilivyochapishwa. Ukikigeuza kwa maneno yako umeshamharibia, kwa sababu kidokezo cha wingi ukikisema kwa umoja umemnyang'anya herufi mbili za mwanzo. Niliwahi kumsomea "chombo cha mwashi" wakati gazeti liliandika "vyombo vya mwashi". Tulizunguka weee, yeye akinitajia pima maji na mwiko, hakuna kilichoingia, mpaka aliponiambia nisome tena polepole, kama ninayemsomea mtu cheti cha dawa. Ilikuwa MIIKO.

Na herufi usiyo na uhakika nayo, sema huna uhakika nayo. Hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukimwambia mtu kwa mkazo kwamba ya tatu ni R, atayatupa maneno yote mazuri yasiyo na R, likiwamo lile la kweli. Ndiyo maana natumia penseli, na ndiyo maana herufi za kubahatisha naziandika ndogo kwenye kona ya kisanduku, ili hata mimi nisije nikaziamini kesho.

Muulize pia mtu wa fani yake. Kuna kijana kazini kwetu, fundi umeme, ambaye hajawahi kujaza fumbo maishani mwake na hana mpango huo. Lakini nikikwama kwenye vifaa vya ufundi namsomea, naye anajibu swali linalohusu kazi yake bila kujua amesaidia fumbo. Dereva wetu anajua majina ya pepo, kwa sababu amekulia kwenye majahazi: kusi, kaskazi, matlai. Wote hao hawachungulii gazeti, na mimi siwaonyeshi. Ukurasa mzima haonyeshwi mtu. Ukiweka fumbo lote mezani mbele ya watu, ndani ya muda mfupi kila mmoja ameshaokota neno lake, nawe umekuwa karani wa kuandika tu.

Kuna kukwama kumoja tu ambako hakuna wa kukutoa, nako ni pale mtunzi mwenyewe anapokosea. Majuzi kidokezo kilikuwa cha wingi, "waandishi wa mashairi", visanduku vitano. Nikajaribu maneno yote ya WA ninayoyajua. Kesho yake majibu yanachapishwa: MALENGA, kwenye visanduku saba, ambavyo gazeti lilikuwa halina. Nikampigia mama. Kwa kosa kama hilo hata yeye hana swali la kukuuliza, ila analalamika, na kulalamika anakujua.