Sindano ya mgongo

Nyumba nzima kule Majengo ilikata shauri kuwa mdogo wangu ana malaria. Homa, kichwa, kutapika: nini tena? Dawa zikamshinda. Alipoanza kuweweseka na kuikwepa taa tukamkimbiza hospitali kwa tuktuk.

Kipimo cha malaria kikaonyesha hana. Daktari, msichana wa rika langu, akajaribu kumwinamisha kidevu kiguse kifua, shingo ikakataa. Akamulika macho yake, kisha akasema anashuku homa ya uti wa mgongo, lazima atolewe maji ya mgongo.

Ami akapinga pale pale. "Kuna kijana Kisauni alidungwa hiyo, hakuiona kesho." Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni. Watu hukubali sindano mgonjwa akiwa yu taabani, akifa lawama inabebwa na sindano.

Daktari hakubishana. Alinigeuza mimi, akanipapasa mgongo. "Uti wenyewe, ule mshipa mkuu wa fahamu ndani ya mifupa, unaishia hapa juu kidogo ya kiuno. Mimi nitadunga chini, usawa wa nyonga. Huko kuna mishipa ya fahamu tu inayoelea majini, sindano ikipita husogea." Mama akatia sahihi.

Nilimshika magoti, amelazwa ubavu na kukunjwa. Maji hayakuvutwa na bomba, yalidondoka yenyewe tone kwa tone kwenye vichupa. Yalitakiwa yawe maangavu. Ya mdogo wangu yalifanana na maji ya kuoshea mchele. Papo hapo akaanzishiwa dawa ya kuua bakteria, majibu yakisubiriwa.

Alitobolewa kidole pia, nikashangaa. Kumbe sukari ya maji ya mgongo hulinganishwa na ya damu; kawaida hufika kama theluthi mbili yake. Bakteria huishusha sana, virusi mara nyingi huiacha ilivyo. Maabara walitia hata wino mweusi kutafuta kuvu, hawakukuta. Alasiri jibu likaja: sukari chini, chembe nyeupe za damu tele, na bakteria wameonekana kwa darubini. Kuwaotesha wajulikane ni wa aina gani kungechukua siku kadhaa.

Homa iliposhuka, kila akiinuka kichwa kilimgonga. Ami akaja juu: "Si niliwaambia!" Mama akamjibu kuwa daktari alishatahadharisha, hayo hutokea na huisha. Jioni moja mdogo wangu akashuka kitandani kwenda msalani, ami akamwandama nyuma, macho kwenye miguu yake, akihesabu hatua.