Paka wa Stoo

Mwaka wa pili pale Mlimani, nikisomea shahada ya biashara, mchepuo wa uhasibu, tulikuwa tumeshagawana kazi hata kabla ya kufaulu. Huyu wa benki, yule wa TRA, mwingine mjomba wake kamwahidi nafasi halmashauri. Mimi nilitaka meza, kompyuta na kiyoyozi. Ukaguzi wa hesabu haukuwa kichwani mwangu kabisa. Nilituma barua 11 za kuomba fildi, yaani mafunzo ya kazini, ikajibiwa moja tu, na kampuni ndogo ya wakaguzi iliyokuwa ghorofa ya tatu, Kariakoo, lifti mbovu.

Wiki yangu ya kwanza ikaangukia tarehe 30 Juni, siku ambayo mteja wetu mmoja alikuwa anafunga mwaka wa hesabu. Tukaenda kwenye ghala lake, Barabara ya Nyerere, kushuhudia mali ikihesabiwa. Bosi wangu, dada mmoja mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, akashika upande wa mchele, mimi akanipa sukari.

"Mdogo wangu, usinakili leja. Hesabu mifuko."

Mtunza stoo alikuwa mzee mpole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea soda baridi na kiti. Kila baada ya dakika chache alivua kandambili na kumrushia paka mmoja wa kijivu. "Kshh! Toka!" Nikadhani hapendi paka, basi.

Rundo lilikuwa limepangika vizuri, mifuko ya kilo 50, juu limefunikwa turubai. Nikauliza turubai la nini. "Bati linavuja, mwanangu, mvua." Nikaandika hata hilo. Juni, Dar es Salaam, mvua! Nikahesabu urefu mifuko 10, upana 8, kwenda juu 16. Jibu 1,280, na leja ilisema 1,280 vilevile. Moyo ukatulia. Nikasaini fomu ya kuhesabia, nikafungua soda.

Nikiwa kwenye fanta yangu, yule paka akapita na panya mdomoni, akaparamia mifuko, akajipenyeza chini ya turubai katikati kabisa ya rundo. Kisha nikasikia vilio vyembamba. Vilitoka chini. Chini sana, usawa wa magoti yangu, ndani ya kitu nilichokuwa nimekipigia mahesabu kama tofali.

Nilipoanza kupanda, mzee hakunizuia. Alivaa kandambili yake, akakaa kwenye kiti changu.

Chini ya turubai palikuwa na mbao, na chini ya mbao shimo. Niliwasha tochi ya simu nikaona vumbi, viroba vitupu, na paka watoto watatu. Tulipobomoa na makuli, pengo lilikuwa la mifuko 6 kwa 4, kina tabaka 12: mifuko 288, zaidi ya tani 14 za sukari ambayo haikuwepo. Fomu ikaandikwa upya, 992.

"Nimemfukuza asubuhi nzima yule mnyama," mzee aliniambia wakati tunaondoka, bila hasira. Yaliyofuata yalikuwa ya wakubwa, na mimi sikushirikishwa.

Garini bosi akaniuliza nimegunduaje. Nikamjibu turubai limenitia shaka, maana Juni si majira ya mvua. Akanitazama, akacheka kwa furaha. Kwenye ripoti ya fildi nilijaza kurasa mbili juu ya kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 501, kile kinachomtaka mkaguzi awepo mali inapohesabiwa. Nikapata A. Nilipohitimu, dada yule akaniita kazini kwa sababu, alisema, nina jicho. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, niliifanyia pale pale, karatasi ya kodi nikaikalia mara mbili, na hadi leo mkate wangu ni ukaguzi.

Kwenye faili la kazi la mwaka ule, sehemu ya "namna tofauti ilivyobainika", imeandikwa turubai na majira ya mvua. Mwandiko ni wangu. Paka hayumo.