Gitaa la kuchongewa, au shingo tu?

Fundi wa Mombasa aliponitajia shilingi 160,000, nilidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nimeuliza bei ya gitaa moja la umeme la kuchongewa kwa mkono, si vyombo vya bendi nzima. Langu la kiwandani, la umbo la Stratocaster, lile gitaa la kampuni ya Fender, nililinunua 32,000 kwa mtu aliyekuwa amelichoka. Kwa tofauti ile, hapa Lamu unapata mashine ya mashua iliyotumika na bado ukabakiwa na ya mafuta.

Lakini sikuuliza kwa kutamani tu. Mimi hupiga harusini, muziki wa bango na taarabu, mara nyingi uwanjani penye upepo wa baharini. Chumvi haina adabu. Nyuzi huota kutu kwa wiki mbili. Freti za gitaa langu, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo chini ya nyuzi, za ule mchanganyiko wa kawaida wa shaba, zinki na nikeli, zilikuwa zimegeuka kijani na kuchimbika chini ya nyuzi nyembamba. Usiku mmoja Langoni nikauvuta uzi wa tatu ili sauti ipande, nikahisi kama nauburuta juu ya mchanga. Sauti ikafa katikati ya wimbo, bibi harusi amekaa mbele yangu.

Nikamwonyesha ami yangu picha ya gitaa la yule fundi kwenye simu. Yeye huchonga milango. Akaivuta picha, akaikuza, akaangalia mti.

"Mti huu hautoshi hata kizingiti," akasema. "Sasa mwanangu, walipia mti au walipia mkono?"

"Sijui, ami."

"Basi kamuulize ni siku ngapi anashika nini."

Nikavuka Mokowe asubuhi nikapanda basi. Safari ya Mombasa ni ndefu, na kiti changu kilikuwa juu ya gurudumu, hayo tuyaache. Mpiga kinanda wetu alikuwa huko kwa shughuli zake, nikamwomba anisindikize. Kabla ya kuuliza lolote nikamgeuza uso ukutani abahatishe ni lipi, nikapiga wimbo mmoja kwa gitaa langu, kisha kwa lile la fundi, kwenye amplifaya ileile. Tukarudia mara sita. Alikosea nne. Fundi hakukasirika, akacheka, akasema sauti ya gitaa la umeme hutoka zaidi kwenye pikapu, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, amplifaya na vidole vyako, na pikapu nzuri unaweza kuzinunua ukazitia hata kwenye gitaa la bei rahisi.

Ila mkononi hayakufanana hata kidogo. Vidole vyangu ni vinene, vimepasuka kwa mishipi ya kuvulia, na shingo yangu ya kiwandani ilikuwa na upana wa milimita 42 pale juu nyuzi zinapoanzia. Nikishika kodi, yaani nyuzi kadhaa za kulia pamoja, kidole kimoja lazima kiguse uzi wa jirani. Yake ilikuwa pana kidogo, kingo zake zimelainishwa kama sabuni iliyotumika, na freti ni za chuma kisichoshika kutu. Nilipouvuta uzi, ukateleza.

Ndipo nikauliza swali la ami. Mwili, akasema, ni siku chache: kukata, kuchimba matundu, kupaka rangi na kuisubiri ikauke. Shingo ndiyo inayomla. Kuipa umbo, kutia chuma cha ndani cha kuinyoosha, kupigilia freti moja moja kisha kuzisawazisha zote mpaka pasiwe na hata moja inayoinua kichwa. Tena chuma kile kigumu cha freti humalizia tupa zake.

Sasa, shingo ya Stratocaster haikugundishwa. Yangu imeshikwa kwa skrubu nne tu, hivyo ndivyo Fender walivyoanza kuyatengeneza mwaka 1954. Nikamuuliza: ukinichongea shingo peke yake? Akapima kisigino cha shingo yangu, pale inapoingia mwilini, milimita 56, kipimo cha kawaida, na urefu wa uzi unaopiga, 648. Akakuna kichwa. 55,000.

Kuna jambo jingine lililonisukuma. Gitaa la kiwanda maarufu ukibanwa na ada ya shule utaliuza kesho. La kuchongewa limepimwa kwa mkono wako, na halina jina la kumvuta mnunuzi. Mimi nina watoto watatu.

Nililipa nusu, nikamaliza baada ya harusi mbili. Shingo imefika miezi tisa iliyopita na freti zinang'aa vilevile, ingawa nyuzi bado nabadilisha kama zamani. Fundi amenitumia ujumbe mara mbili akiuliza ule mwili tunaanza lini. Sijamjibu. Kitufe cha sauti kimeanza tena kukwaruza, na harusi ya Ijumaa iko Shela, ufuoni kabisa.