Jinsi tunavyovuka mwezi wa sita shuleni kwetu Katuba

Anayeijua Lubumbashi, huku kwetu Kongo, anaijua baridi ya mwezi wa sita. Shule ya msingi ninayoiongoza iko Katuba, madirisha mengine hayana vioo, na saa moja na nusu asubuhi mtoto hashiki kalamu sawasawa. Ndio wakati huohuo tunaomtaka arudie hesabu. Likizo nayo inanukia, basi usishangae madawati yakianza kuwa matupu.

Nilianza na ratiba. Asubuhi sasa ni vitu vya mdomo: kusoma kwa sauti, jedwali la kuzidisha kwa kuimba. Jua likishafika uani, darasa la nne na la tano wanatoka na madaftari, wanajipanga ukutani, ndipo hesabu inapofanyika. Walimu wengine waliona ni mchezo, mpaka wachelewaji walipoanza kuwahi ili wagombee nafasi ya jua.

Darasa la sita wana ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Hao hofu inawatosha, sina haja ya kuwasukuma. Niliwapa kazi ya kuwafundisha wa nne hesabu za sehemu, yaani nusu, theluthi, robo. Msichana mmoja, ambaye mwalimu wake alikuwa amemkatia tamaa, alikuja na chungwa akalikata vipande vinne. Kadogo kamoja kakauliza: "Dada, nne si inapita tatu? Mbona robo ni ndogo kuliko theluthi?" Msichana akanyamaza. Kisha akakata chungwa la pili, safari hii vipande vitatu, akasukuma vipande vyote mbele ya mtoto: "Chagua cha kula." Mtoto hakukosea.

Walimu ndio walionipa kazi. Tangu shule ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, primu, yaani pesa ambazo wazazi walikuwa wakiwaongezea walimu, imekwisha na madarasa yamejaa. Sina bahasha ya kumpa mtu, na hotuba za "jikazeni" zimewachosha, hata mimi zinanichosha. Nilichoweza kuwapa ni muda. Kinachowamaliza ni buletini, zile karatasi za matokeo ya kila mtoto: mtu ana watoto zaidi ya sitini, anajumlisha pointi usiku kwa taa ya simu kwa sababu umeme umekatika. Siku hizi pointi za kila siku zinajazwa kabla ya mitihani. Mitihani ikianza, watoto wakishatoka tunasahihisha chumba kimoja, wawiliwawili, mmoja akisoma pointi, mwenzake akiandika, halafu wanahakikiana asilimia. Chai na vitumbua tunachangishana. Aliyemaliza anaondoka, mwenye shamba aende shambani, mwenye biashara aende sokoni. Kuna wanaosema nawalea vibaya. Mimi naona mwalimu anayekalishwa bure ofisini ndiye atakayeleta visingizio kesho.

Kwenye proklamasyoni, siku ya kutangaza matokeo, tulizoea kuwaita wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mwezi wa tano watoto wengi tayari wanajua si wao. Tukatangaza mapema kwamba tutawaita pia waliopanda sana tangu trimesta ya kwanza. Mama mmoja alinifuata: "Mama Direkta, mtoto wangu ni wa mwisho-mwisho, mmemwitia nini mbele?" Nikamwonyesha buletini: 38% ya kwanza, 52% ya sasa. Akaishika, akamwita jirani yake aje asome.

Zile siku kati ya mtihani wa mwisho na proklamasyoni bado zinatushinda. Tuliweka mpira kati ya madarasa, wavulana wakaja, wasichana wengi wakabaki nyumbani. Mwaka huu wasichana wenyewe wameomba nzango, mchezo wao wa kuruka na kurusha miguu kwa nyimbo na makofi, na la tano wameshaanza mazoezi.